Chumvi, Barafu na Neno "Kuyeyuka"

Huenda msomaji akashangaa kuona mtu wa taaluma ya lugha, tena mkazi wa Dodoma, akiandika habari za barafu ya barabarani. Katika uwanda huu wa kati hapana mtu akumbukaye asubuhi ambayo maji yaliganda mlangoni pake. Mvua zetu hunyesha tangu Desemba hata Aprili, nazo ni chache, yapata milimita 570 kwa mwaka; miezi iliyosalia ni ya jua, upepo na vumbi. Wala mimi sidai ujuzi wa kemia. Nimeliingia jambo hili kwa mlango wa tafsiri, na katika kurasa hizi nataka kueleza jinsi neno moja la Kiswahili lilivyonipotosha, na jinsi ardhi ya Ugogo ilivyonirudisha njiani.

Wasemaji wengi wa Kiswahili, hasa waliotoka mashariki ya Kongo, wanaishi siku hizi katika majimbo ya Marekani na ya Kanada ambayo majira yake ya baridi ni makali. Mtu aliyekulia Uvira au Kigoma hufika huko, akakuta ngazi za nyumba yake zimefunikwa kwa barafu, na sheria ya mji ikimtaka aondoe barafu hiyo wapitao wasianguke. Mwaka juzi jamaa zangu wanaohudumia wageni wa namna hiyo waliniomba niwafasirie karatasi moja ya maelezo: ni dawa gani ifaayo kuyeyushia barafu, na kiasi gani kitumike. Kazi ilikuwa ndogo. Niliandika kwamba chumvi huyeyusha barafu, nayo chumvi huyeyuka pamoja nayo. Kisha nikaongeza, kama karatasi ilivyosema, kwamba yapasa kutumia kidogo sana.

Baada ya siku chache mama mmoja miongoni mwa wasomaji wa kwanza aliniletea swali kwa simu. "Mwalimu, shikamoo. Umeandika kwamba yote huyeyuka. Ikiwa yote huyeyuka, kwa nini basi tutie kidogo?" Niliitikia marahaba, lakini jibu sikuwa nalo. Makala haya ndiyo jibu langu, na yamechelewa.

MANENO YA BARIDI

Kiswahili si maskini wa maneno ya baridi, ijapokuwa kimezaliwa pwani yenye joto. Tunalo neno "theluji", litokalo katika Kiarabu, kwa ile iangukayo kama pamba kutoka mbinguni. Tunalo "sakitu", baridi kali ya alfajiri igandishayo umande, ambalo watu wa Makete na uwanda wa Kitulo wana haja nalo zaidi yetu. Kamusi za zamani zinalo pia "jalidi", la asili ya Kiarabu, ambalo siku hizi ni nadra kusikika. Na tunalo "barafu", ambalo asili yake ni Kiajemi. Kwa Waajemi neno hilo ni theluji. Kwetu limekuwa ni maji yaliyoganda yakawa magumu kama jiwe.

Lakini kuwa na neno si sawa na kukijua kitu. Johannes Rebmann alipouona mlima Kilimanjaro mwezi wa Mei, 1848, kiongozi wake alikitaja kile cheupe cha kileleni kwa neno "baridi" tu. Hakukosea, alikitaja kitu kwa tabia yake aliyoisikia mwilini. Ndivyo tufanyavyo sote tukutanapo na jambo geni: twachukua neno tulilo nalo na kulitwika mzigo mpya, na aghalabu neno huubeba mzigo pamoja na maana zake za zamani.

Hivyo ndivyo lilivyofanya neno "kuyeyuka". Lina maana tatu. Kwanza, kitu kigumu huwa majimaji kwa joto, kama samli juani. Pili, kitu huingia ndani ya maji hata kisionekane tena, kama sukari katika chai. Tatu, mtu au kitu hutoweka: twasema fulani alikuwapo hapa, sasa ameyeyuka. Barafu huyeyuka kwa maana ya kwanza. Chumvi huyeyuka kwa maana ya pili. Na msomaji wangu, kwa haki kabisa, aliisikia maana ya tatu. Alidhani vyote viwili hutoweka. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa nilitumia neno moja katika sentensi moja kwa mambo mawili yasiyofanana.

KAZI YA CHUMVI

Kila mpishi wa pwani ajua kwamba wakati wa masika chumvi iliyo bakulini hulowa pasipo kutiwa maji. Chumvi hupenda maji. Huyavuta hata kutoka hewani. Inyunyizwapo juu ya barafu huvuta ule utando mwembamba wa maji ulio usoni mwa barafu, ikafanya maji ya chumvi. Maji matupu huganda penye nyuzi sifuri za Selsiasi, bali maji ya chumvi hayagandi hapo. Chembe za chumvi hukaa kati ya chembe za maji na kuzizuia zisipangane kwa ule mpango wa barafu. Kwa hiyo barafu iliyogusana na maji hayo hulegea, maji huongezeka, nayo kazi huendelea kwenda chini hata kuufikia uso wa barabara.

Nguvu hii ina mpaka. Chumvi ya kawaida, ambayo wanakemia huiita kloridi ya sodiamu, haiwezi kuzuia maji yasigande baridi ikishuka chini ya nyuzi 21 hasi, hata ikiwa imechanganywa kwa kiasi kinachofaa kuliko vyote, yaani kama sehemu 23 katika 100. Na kabla ya kufika hapo hupoteza nguvu upesi. Kilo moja ya chumvi huweza kuyeyusha yapata kilo 46 za barafu ikiwa baridi ni nyuzi 1 hasi; zikifika nyuzi 7 hasi, ni kilo 9 hivi; na zikifika nyuzi 18 hasi, hazifiki kilo 4. Kwa hiyo watu wa kazi hii huihesabu chumvi ya kawaida kuwa dawa ifaayo hata nyuzi 9 hasi hivi. Mtu amwagaye chumvi usiku wa baridi kubwa kuliko hiyo, akaona haifanyi kazi, akaongeza ndoo ya pili, ametupa mali yake, na chumvi yake itasubiri hapo hapo mpaka siku ya joto.

AINA ZA DAWA

Jimbo la New Hampshire nchini Marekani lilianza kujaribu chumvi juu ya barabara zake mwaka 1938. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia magari yaliongezeka, na desturi hiyo ikaenea. Leo katika baadhi ya miaka Wamarekani hutumia kiasi cha tani milioni 20 za chumvi barabarani. Sababu ni wazi. Chumvi ya kawaida ni rahisi, yachimbwa kwa wingi, yahifadhika, na bila shaka imeokoa maisha ya wasafiri wengi. Mtu alaumuye chumvi bila kukumbuka ajali zilizozuiwa hasemi kweli yote.

Baridi ikizidi, hutumiwa kloridi ya kalisi au kloridi ya magnesiamu. Mchanganyiko wa maji na kloridi ya magnesiamu huweza kukaa bila kuganda hata nyuzi 33 hasi, na ule wa kloridi ya kalisi hata nyuzi 50 hasi na zaidi kidogo. Tena kloridi ya kalisi hutoa joto inapoingia majini, hivyo huanza kazi upesi. Bei yake ni kubwa kuliko ya chumvi ya kawaida, na kwa chuma si mpole.

Katika viwanja vya ndege kloridi haitakiwi, kwa sababu hula madini ya ndege. Zamani ilitumiwa yurea, ile ile mbolea ambayo mkulima wetu wa mahindi aijua. Haifai baridi ikishuka chini ya nyuzi 12 hasi, na ioshwapo na mvua huingiza naitrojeni katika mito, ikaotesha mwani na kudhuru samaki. Kwa hiyo viwanja vingi vimeiacha na kutumia chumvi za asetati na za fomati. Hizi huliwa na vijidudu vya udongoni, nazo huisha; lakini vijidudu hivyo vinapozila hutumia hewa ya oksijeni iliyomo majini, na zikiingia kwa wingi katika kijito kidogo, samaki hukosa pumzi. Tena bei yake ni mara nyingi ya bei ya chumvi.

Wengine huchanganya maji ya chumvi na utomvu wa viazisukari ili yashike vizuri barabarani. Katika wilaya ya Polk, jimbo la Wisconsin, hutumia hata maji ya chumvi yanayobaki katika kutengeneza jibini, na mji wa Milwaukee uliyajaribu majira ya baridi yaliyoanza mwaka 2013. Njia hizi hupunguza chumvi mpya inayonunuliwa, lakini chumvi iliyomo ni chumvi ile ile.

Mwisho ni mchanga. Mchanga hauyeyushi kitu. Kazi yake ni kuupa mguu na gurudumu mahali pa kushika. Hufaa katika baridi yoyote, hauli chuma wala hauingizi chumvi katika kisima. Ila hujaza mitaro, na barafu ikiisha sharti uzolewe, au sivyo utageuka vumbi.

INAKOKWENDA CHUMVI

Sasa twafika kwenye swali la yule mama. Barafu ikishayeyuka huwa maji, na maji hayo yana njia nyingi: mengine hupanda hewani, mengine huingia ardhini, mengine huenda mtoni. Chumvi haina njia ya kupanda hewani. Itakwenda na maji yashukayo tu, na maji hayo yakikauka njiani, yenyewe itabaki pale yalipokaukia.

Tena chumvi hujigawa sehemu mbili. Sehemu ya sodiamu hupenda kushikamana na udongo wa mfinyanzi. Huifukuza kalisi iliyoufanya udongo uwe na matundu ya kupitishia maji na hewa, nao udongo hufumbana, ukawa kama chungu: mvua ikinyesha maji husimama juu, na jua likiwaka udongo hupasuka. Sehemu ya kloridi haishiki udongo kamwe. Haiozi, hailiwi na vijidudu, haichujwi na mchanga. Popote maji yanapokwenda, nayo huenda, hata kisimani. Njiani huingia katika zege la madaraja na kuzila nondo zilizomo; huingia katika mizizi ya miti ya kando ya barabara, na ncha za majani zikaungua kama zilizopigwa na moto. Katika maziwa, maji mazito ya chumvi huzama chini na kuzuia maji ya juu na ya chini yasichanganyike, na viumbe wa chini wakakosa hewa.

Haya niliyaona kwa macho yangu kabla sijayaelewa. Nilisomea shahada yangu ya uzamivu katika mji wa Madison, jimbo la Wisconsin, uliojengwa kati ya maziwa. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mzee, naye alinikabidhi kazi ya kusafisha ngazi na njia ya mlangoni. Mimi mtoto wa nchi ya joto niliiogopa barafu kuliko simba. Kila theluji ilipoanguka nilimwaga nusu ndoo ya chumvi, kiasi cha kilo 6, nikaona fahari kwamba ngazi zetu zilikuwa safi kuliko za jirani. Majira ya kuchipua yalipofika, majani ya pande zote mbili za njia yalikuwa yamekufa, na kichaka cha maua alichokipanda marehemu mumewe hakikutoa jani hata moja. Bibi yule hakunikemea. Alinionyesha kwa kidole tu, kisha akaingia ndani.

Wakati ule nilidhani hasara ilikuwa ni kichaka. Hesabu nyingine sikuifanya mpaka nilipopata swali la yule mama. Chukua gramu 8 za chumvi, ambazo ni kama kijiko kidogo kimoja na nusu, uzitie katika ndoo ya lita 20 za maji. Maji yale yatakuwa na yapata miligramu 240 za kloridi kwa kila lita. Marekani huhesabu miligramu 250 kuwa mpaka wa ladha ya maji ya kunywa, na miligramu 230 kuwa mpaka ambao viumbe wa majini wasiishi juu yake siku nyingi. Basi zile kilo 6 nilizomwaga asubuhi moja zilitosha kuharibu ndoo 750, nami nilimwaga hivyo majira mawili ya baridi.

Si mimi peke yangu niliyefanya hivyo. Ziwa Mendota, lililo kando ya chuo kile, mwanzoni mwa karne ya 20 lilikuwa na miligramu chache tu za kloridi kwa lita. Leo ni kama 50, na katika ziwa dogo la Wingra ni zaidi ya hapo. Mji ule hunywa maji ya visima virefu, na katika kimojawapo kloridi imekuwa ikipanda mwaka baada ya mwaka kwa sababu ya chumvi ya barabarani. Serikali ya Kanada ilipolichunguza jambo hili kwa nchi nzima iliamua, mwaka 2001, kwamba chumvi za barabarani, kwa kiasi zinavyotumiwa, zadhuru mazingira. Mwaka 2004 ikatoa kanuni za kuziangalia. Katika miji mingi ya Ujerumani wenye nyumba wamekatazwa kabisa kutia chumvi njiani, wakaambiwa watumie mchanga au changarawe.

USHAHIDI WA UWANDA WA KATI

Ningeweza kukomea hapo. Lakini ajabu ni kwamba haya yote yangeweza kusomwa hapa hapa Dodoma, bila barafu hata punje, na mtu asiyejua kusoma kitabu angeweza kuyasoma ardhini.

Msomaji aliyesafiri kwa reli ya kati kwenda magharibi amepita Bahi. Mto Bubu hushuka kutoka nyanda za juu za Kondoa na kumwaga maji yake katika bonde hilo, na bonde halina mlango wa kutokea kwenda baharini. Wakati wa mvua ni mbuga ya maji na samaki. Wakati wa kiangazi jua huyanywa maji, na kila chembe ya chumvi ambayo mto uliiokota katika mawe na udongo wa njiani hubaki. Hakuna aliyemwaga chumvi Bahi. Imekuja kidogo kidogo, kiasi ambacho ulimi haukisikii ndani ya maji ya mto, lakini imekuja kila mwaka wala haikuondoka. Kiangazi kikikaza hutokeza juu ya udongo kama unga mweupe.

Wagogo tangu zamani waliijua kazi ya kuivuna. Hukwangua udongo wa juu, wakautia katika chombo chenye matundu, wakamimina maji juu yake, na maji yachuruzikayo chini wakayachemsha hata yakaisha, ikabaki chumvi. Tazama jinsi kazi hii ilivyo kinyume cha wazo la kutoweka. Anayechemsha maji yale ana hakika kwamba kitu kilichoyeyuka kimo, na kwamba maji yakiondoka kitaonekana. Cigogo, kama lugha nyingi za Kibantu za bara, huiita chumvi "munyu", neno ambalo kamusi za Kiswahili cha zamani nazo hulitaja. Siku moja nilimweleza mzee mmoja wa Bahi jinsi Wazungu wanavyotupa munyu barabarani kwa magari mazima. Alinyamaza kidogo, kisha akataka kujua kama mashamba yao yako juu ya barabara au chini yake. Nimesoma maandishi mengi ya wataalamu tangu siku ile, na sijaona swali lililo bora kuliko hilo.

Upande wa mashariki ya mji liko bwawa la Hombolo, lililojengwa mwaka 1957. Maji yake yajulikana kwa chumvi, na mkulima wa zabibu, zao ambalo mkoa wetu wajivunia, hana budi kuwa mwangalifu anapoyatumia, kwa maana mzabibu hauvumilii kloridi nyingi. Na kaskazini, kama kilomita 25 hivi, ndiko Makutupora, kwenye visima virefu ambavyo kwa miaka mingi vimekuwa tegemeo la maji ya Dodoma. Vipimo vya maji ya visima hivyo vilivyowekwa kwa miaka 55 vilichunguzwa, na matokeo yakatangazwa mwaka 2013. Yalionyesha kwamba maji ya chini ya ardhi hayaongezwi kila mwaka. Hupungua miaka mfululizo, kisha yakajazwa kwa ghafula katika misimu michache ya mvua kubwa mno. Nyongeza iliyopita zote ilikuwa ile ya mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998.

Mtu akitafakari habari hiyo ataona maana yake. Chochote kilichomwagwa juu ya ardhi ya namna hii kinaweza kungoja miaka kadhaa kikiwa kikavu, watu wakadhani kimekwisha, kisha katika msimu mmoja kikachukuliwa chote na kupelekwa chini, kwenye maji tunayoyanywa. Madison hupata mvua na theluji ya kuisukuma chumvi yake kila mwaka, na bado imeshindwa kuiosha. Sisi hatuna hata maji hayo.

Wala shauri hili si la nchi za mbali tu. Zile kloridi za kalisi na za magnesiamu zinazoyeyusha barafu ndizo zinazouzwa katika nchi kavu kwa kazi ya kutuliza vumbi la barabara za udongo, kwa kuwa huvuta unyevu wa hewa na kuushikamanisha udongo. Dodoma inakua upesi tangu serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa wingi mwaka 2016, barabara za vitongojini ni nyingi, na vumbi lake laumiza macho na vifua vya watoto. Siku moja mtu atatuletea dawa hiyo, na atasema kweli akisema kwamba inafaa. Siku hiyo lazima awepo mtu wa kuuliza lile swali la mzee wa Bahi: mashamba na visima viko juu ya barabara, au chini yake?

KUCHAGUA

Basi mwenye kuchagua dawa ya barafu, awe mhandisi wa mji au mpangaji wa chumba kimoja, ajiulize mambo manne kwa taratibu hii.

Kwanza, je, kazi haiwezi kufanywa kwa beleshi? Theluji iliyoondolewa mapema, kabla haijakanyagwa ikashikamana, haihitaji dawa nyingi, na pengine haihitaji kabisa. Vivyo hivyo kwa barabara kuu: maji ya chumvi yaliyonyunyizwa kabla theluji haijaanguka huizuia barafu isishike, na chumvi itumikayo ni kidogo kuliko ile ya kubandulia barafu iliyokwisha kuganda.

Pili, baridi ni kiasi gani? Ikiwa imeshuka chini ya nyuzi 9 hasi, chumvi ya kawaida haina kazi. Tumia mchanga, au kidogo cha zile kloridi nyingine mahali pa hatari tu, kama ngazi na miteremko.

Tatu, maji ya mahali hapo huenda wapi? Penye mto mkubwa wenye kasi, madhara hutawanyika. Penye kisima, ziwa dogo, au bonde lisilo na mlango, kila kilo ni deni litakalolipwa na mtu mwingine.

Nne, kiasi gani chatosha? Watu wa Wisconsin walioanzisha mwito wa kupunguza chumvi wanasema kwamba kikombe kimoja kikubwa cha kahawa chatosha njia ya kuingizia gari yenye urefu wa mita 6, au mawe 10 ya njia ya waendao kwa miguu. Punje zitawanyike, zisigusane. Na barafu ikiisha, chumvi iliyobaki juu ya njia ifagiliwe na kutunzwa kwa siku nyingine, kwa maana isipofagiliwa itachukuliwa na maji.

Hapana dawa miongoni mwa hizi isiyo na dhara. Mtu aambiwaye kwamba dawa fulani ni salama kwa mazingira na aulize ni salama kwa nini: kwa chuma, kwa mti, kwa samaki, au kwa kisima. Aghalabu atajibiwa kwa kimojawapo tu.

TAFSIRI ILIYOSAHIHISHWA

Niliirudia ile karatasi. Neno "kuyeyuka" nimeliachia barafu peke yake. Kwa chumvi nimeandika hivi: "Chumvi huingia ndani ya maji, nayo hubaki humo. Barafu itaondoka, chumvi haitaondoka. Itakwenda kwenye bustani yako, mtoni, na kwenye kisima ambacho mji wako unakunywa. Kwa hiyo tia kidogo." Yule mama aliposomewa alisema kwamba sasa amefahamu, na kwamba kwao Uvira mtu hamwagi maji ya chumvi penye mche.

Nimeandika "dawa ya barafu" katika makala haya kwa sababu ndivyo watu wasemavyo. Kiswahili huita dawa kila kitu kinachoondoa usumbufu, ikiwa ni mbu, kutu, au uchafu wa nguo. Lakini siridhiki nalo. Neno "dawa" lamfanya mtu atazame ugonjwa ulioondoka, asitazame kitu kilichobaki. "Kiyeyusha barafu" ni afadhali, ila ni refu na halisemi kwamba ni chumvi. "Chumvi ya barabara" ni jina la kweli kwa aina iliyo nyingi, nami nalipendelea hilo, ijapokuwa halitoshi kwa asetati, yurea na mchanga. Wasomaji walioishi katika nchi za baridi, au wanaojua maneno ya wavuna chumvi wa Bahi, wa Uvinza au wa pwani kwa chumvi iliyo ndani ya maji isionekane, nitawashukuru wakinipelekea. Neno hilo lahitajika, kwa kuwa "kuyeyuka" limekwisha kutudanganya mara moja.